Sega Lililobanduka Zima

Na jibu langu, Kabula, ni lile lile lililokuwa mdomoni mwangu pale mezani kabla sijainuka kufuata maji ya kunawa: hakuna kuahirisha. Si wiki mbili, si wiki moja, wala si "mpaka stika ya Isikizya iishe." Kesho treni ya Kigoma ikiingia, wewe unapanda. Uliniuliza kwa sauti ndogo, huku unamchambua samaki aliyekwisha kuchambuliwa, nami nikajifanya sijasikia. Nilisikia, mwanangu. Ila ningekujibu pale pale ningelia, Fundi naye angelia kwa kuniona mimi nalia, na ugali ungepoa bure. Kwa hiyo nimesubiri ulale, nimechomoa karatasi kwenye rafu ya duka letu, zile nzuri za kadi za harusi, na sasa nakujibu kwa raha zangu.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Hayo unayajua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unanikumbusha. Nataka nikuandikie habari za mistari na kona, maana ndiyo kazi iliyotulisha, na ndiyo unayoiendea huko Kigoma, kwenye kiwanda cha vifungashio, ambako utachora mpaka mifuko ya dagaa na sabuni za mawese. Na nataka nikuambie kwa nini unaweza kuondoka bila kugeuka nyuma. Usiruke kurasa. Naijua tabia yako ya kusoma mwisho kwanza.

Mume wangu amelala. Acha niandike tena, maana ni neno jipya na bado linanitekenya: mume wangu amelala, anakoroma kama msumeno kwenye mninga mbichi, na mimi nasikia muziki. Cheka tu. Maua ya kanisani hayajanyauka vizuri, pete bado inanishtua kila nikiingiza mkono kwenye maji ya kufulia, na asubuhi nikifungua duka watu wananisalimia "bibi harusi" nami naitika kabla hawajamaliza kusema. Umri huu! Nilidhani mambo haya niliyamaliza nilipomzika baba yako. Kumbe yalikuwa yamekaa mahali, yananisubiri, kama shati zuri chini ya sanduku.

Lakini ngoja nianze mbali kidogo.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mashine ya kutolea kopi, na kompyuta ya mtumba iliyokuwa inawaka siku ikipenda. Ile programu ya kuchora nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza kila kitu nione kitatokea nini. Sikuwa na wa kunisahihisha, kwa hiyo makosa yangu niliyaita mtindo wangu.

Kosa kubwa lilikuwa hili. Nikichora nyota, sikujua kwamba mistari miwili inaweza kugusana bila kuungana. Niliburuta mstari mmoja mpaka ukagota kwa mwenzake, macho yakaniambia tayari, nikaamini. Pakibaki mwanya, nilinenepesha mstari. Mwanya ukikataa kuzibika, nilichora kakipande kadogo keusi nikakabandika juu ya kona, kama mtu anayetia kiraka suruali ya shule. Kwenye skrini ilipendeza. Kwenye karatasi ilipendeza. Nikachora kadi za harusi za nusu ya mji huu kwa viraka, na hakuna bwana harusi aliyerudi kulalamika.

Halafu tukapata mashine ya kukata stika. Printa, mwanangu, ina huruma: inapaka wino juu ya kila kitu na kiraka hakionekani. Kisu hakina huruma. Kinafuata mstari kama ulivyochorwa, na mstari ukiishia kinainuka, hata kama kona haijafungwa.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa ya kwaya ya Moraviani. Walikuwa wanasafiri kwenda kuimba Tura, wakataka fulana zenye nyota ya kubandika kwa pasi kifuani. Nikachora nyota kwa mtindo wangu. Mashine ikakata. Kila kiraka changu kilikatwa peke yake, na nilipobandua, kila kona ilichanika, moja ikaja na jirani yake, nyingine ikabaki kwenye karatasi. Mwalimu wa kwaya aliishika nyota moja akainyanyua kwenye mwanga wa mlango.

"Mama Kabula," akasema kwa upole ule wa kanisani, "hii ni nyota ya mashariki, au ni kiazi kilichomenywa na mtoto?"

Dada mmoja wa sauti ya kwanza akadakia nyuma yake, "Mwalimu, tuseme ni michembe, viazi vya kukausha. Tutakwenda Tura na michembe kifuani."

Nilicheka nao mpaka walipotoka. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya mashine ya kopi. Wewe ulikuwa umetoka shule, uko darasa la sita, soksi zimeshuka. Ulishika kipanya ukaivuta ile nyota karibu, ukaivuta tena, ukaivuta mpaka kona moja ikajaza skrini nzima.

"Mama, njoo uone," ukasema. "Zimegusana, lakini hazijaungana."

Nikaja nikaona. Kati ya nukta ya mstari mmoja na nukta ya mwenzake palikuwa na mwanya ambao siafu angepita na mzigo wake. Ukazichagua zile nukta mbili, ukabonyeza zikawa moja, na kona ikafunga kimya kimya kama mlango wa watu wenye adabu. Ukaenda nyingine, na nyingine. Kwaya ikaenda Tura na nyota zake, na waliporudi walituletea kuku.

Siku ile nilifurahi sana. Na siku ile ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo lilinichukua miaka kuliona, maana kosa hili halikuwa kwenye kompyuta.

Nilikufanya mkaguzi. Mchoro wowote, "subirini Kabula atoke shule auone." Kadi, stika, kibao cha duka la dawa, vyote vilipita machoni pako kwanza. Kisha ukaanza kukagua na vitu vingine: kama nimekula, kama nimelala, kama sauti yangu ni ya mtu aliyelia. Nami nilikuwa najisifu mbele ya watu: "Kabula ndiye macho yangu." Nilidhani nakupa heshima. Mwaka jana wale wa Kigoma walipokuita mara ya kwanza, ukaniambia, "Kazi yenyewe si ya maana sana, mama," huku umegeukia ukutani. Nikakuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Palikuwa na mwanya mahali alipokuwa baba yako, nami nilichukua mtoto nikambandika juu yake. Kwa mbali tulipendeza. Watu walitusifu. Ningevuta picha karibu ningeona.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Leo sina nafasi ya kuonewa huruma, nimejaa furaha mpaka kooni. Nayaandika kwa sababu hutaelewa nilichofanya leo alasiri ukiwa kwa rafiki zako kuaga, kama huelewi hilo. Lakini kabla ya leo alasiri, acha nimpitishe Fundi, maana bila yeye nisingejua.

Unakumbuka alivyoingia? Fundi Masanja, vumbi la mbao kwenye nyusi, amebeba karatasi ya mfuko wa saruji imekunjwa kama mkeka. Alikuwa amepewa kazi na familia moja ya wafanyabiashara wa nguo pale mjini, Waarabu wa tangu enzi za misafara, ambao fremu ya mlango wao wa zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Walitaka mpya yenye nakshi ile ile. Alikuwa ameilaza karatasi juu ya nakshi akaisugua kwa mkaa mpaka majani na maua yote yakatokea. Alitaka nimchoree, nimkatie stika, aibandike kwenye ubao kisha achonge akifuata ukingo wake. Nikamchorea. Kesho yake akarudi.

"Mama, kona zako zimenona."

"Kona zimenona?"

"Zimenona. Patasi yangu ina ncha, haijui kuzunguka kitambi."

Ukapaliwa na andazi. Nami nikakasirika kidogo, lakini nikatazama, na ni kweli: programu yetu inajua kona za namna tatu, ya mviringo, ya kukatwa kichwa, na kali, na mimi tangu naanza nilikuwa nimeiacha kwenye mviringo kwa sababu ndivyo nilivyoikuta. Nikaweka kali. Akarudi tena.

"Sasa majani yamekatwa kucha."

Hapo ndipo uliponionyesha ile namba ndogo ya pembeni, inayosema kona iruhusiwe kuchomoza kiasi gani kabla haijakatwa. Pembe ikiwa nyembamba sana, programu inaogopa, inaikata ncha. Nikaipandisha namba kwa hasira. Jani moja likatoa mwiba mrefu, ukavuka nakshi, ukavuka fremu, ukaenda zake.

"Hili sasa limetoka nje ya mlango," akasema Fundi. "Linakwenda sokoni."

Ukaniinamia sikioni, ukidhani unanong'ona. "Mama, huyu fundi anakuja kwa ajili ya kona au kwa ajili ya chai?"

"Nyamaza, atakusikia."

"Nimesikia," akasema Fundi, bila kuinua macho kwenye karatasi yake. "Nimekuja kwa yote mawili."

Ewe mwanangu, kuna watu wanaozaliwa na sauti ya kusema hivyo bila aibu! Nilimwaga sukari.

Lakini mlango ulipokwisha, na nakshi ikapendeza mpaka watu wakawa wanasimama barabarani kuitazama, alikuja mara ya mwisho, akasimama pale kwenye kaunta bila karatasi mkononi. "Mama Kabula, mlango umekwisha. Sasa nitakuja kwa sababu gani?" Nami, badala ya kusema nilichokuwa nacho moyoni, nikamjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: "Fundi, hapa tunauza karatasi. Hatuuzi wajane."

Fundi alitazama rafu ya karatasi nyuma yangu.

"Basi niuzie karatasi moja," akasema. Akaichukua, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akaondoka. Na hakurudi.

Jioni ile ulinipakulia chakula, ukasema, "Mama, ile kona uliyoitoa leo imevuka mlango." Basi. Nilikasirika nikala nusu. Ulikuwa umesema kweli. Nilikuwa nimekaa miaka mingi kwenye kona za mviringo, nikikubali kila kitu na kila mtu, na siku niliyoamua kuwa mkali niliipandisha namba mpaka mwisho. Ukali ni mzuri, Kabula. Kona isiyo kali haionyeshi mtu anaishia wapi. Ila utakapokuwa kazini huko, na mtu akakuudhi, tazama ncha inaelekea kwa nani kabla hujabonyeza.

Fundi hakuja dukani, lakini alikwenda Usinge. Hilo ndilo lililonimaliza. Alifuatana na mshenga mpaka kwa kaka yangu, mjomba wako Shija, na jembe jipya na dumu la asali, kama wazee wetu walivyofanya, kana kwamba mimi ni msichana wa miaka kumi na minane anayeteka maji. Na mjomba wako, mtu yule, akawajibu jibu ambalo mpaka leo watu wa Usinge wanalicheka.

"Dada yangu nilishamwoza mara moja," akasema. "Nilimsemea, na hakunilaumu. Lakini safari hii nyumba yake ina mtu mzima. Rudini Tabora mkamwone Kabula. Akikubali yeye, mimi nachinja."

Mshenga yule, na mvi zake zote, akaja dukani kofia mkononi, na Fundi nyuma yake amevaa shati la kunyooshwa. Wewe ukavaa uso wa hakimu. Mimi nikatoka nje kufagia mahali palipofagiwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Unajua kazi ya nyumba hii?"

"Naijua."

"Huijui. Kaa hapa. Chora nyota moja, uikate, uibandue. Ikibanduka nzima, mchukue. Ikichanika, kesho utarudi."

Nilitaka kuingia nikukemee. Lakini miguu ilikataa, maana na mimi nilitaka kuona.

Alikuwa hajashika kipanya maisha yake. Alikikamata kama randa, akakisukuma kwa bega zima. Jasho lilimtoka kwa nyota moja kuliko kwa kuchonga kitanda kizima. Alipomaliza, ukaivuta karibu, ukashangaa. Hazikuwa hata zimegusana. Kila kona ilikuwa na mwanya, na mianya yote ilikuwa sawa sawa, kama imepimwa.

"Fundi, umeacha uwazi kila kona."

"Najua. Nimeacha nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya masika," akasema, kwa uso wa mtu anayeeleza jambo la wazi. "Kitu kikinyeshewa kinavimba. Usipokiachia nafasi kwenye kona, hakifunguki mpaka kiangazi."

Mshenga akatikisa kichwa kukubali. Wewe ukalaza paji la uso juu ya kibodi, mabega yakitikisika, na skrini ikajaa herufi. Mimi nje nilicheka mpaka nikaegemea fagio, na wakati nacheka nikajua nimekwisha. Mwanamke atafanya nini na mwanaume anayeikumbuka masika kwenye nyota ya plastiki? Nilimpenda pale pale, nimeshika fagio.

Kisha ukainua kichwa, ukajifuta macho, na hukumdhihaki. Ulisema kwa upole, ambao sikukufundisha mimi, "Hii haivimbi, Fundi. Hii unaweza kuiunganisha kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akaitazama tena ile kona. Alikuwa ameishi na upweke wake muda mrefu kama mimi na wangu. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo kitu cha kuunganishwa kabisa.

Siku ile nyota ilichanika. Akarudi kesho yake, ikachanika. Mtaa ukajua. Waendesha bodaboda wakawa wanapita kuuliza, "Vipi, Fundi amefaulu?" kama vile ni mtihani wa taifa. Mama wa maandazi akahamishia meza yake mlangoni kwetu. Na alasiri moja alipoinua ukingo kwa ncha ya patasi, ikaja kona moja, ikaja ya pili, ikaja nyota nzima, haina mkwaruzo, ameiweka kidoleni kama kifaranga! Vigelegele vile! Bodaboda zikapiga honi, mshenga akarusha kofia, na wewe ukasimama juu ya kiti ukatangaza, "Amepita!" Tangu siku ile anakuita Mkaguzi, na ile nyota mnaiona wote, iko kwenye kioo cha mlango wa duka.

Nimekwisha kukuchekesha. Sasa sikiliza.

Usiku wa kuamkia harusi nilimuuliza Fundi kama bado anaamini mambo ya masika. Akasema kwa stika hapana, umemshinda. Kwa watu, ndiyo. Akasema milango mingi aliyoitwa kuifungua kwa nguvu haikuwa mibovu. Ilikuwa imebanwa mno na watu walioogopa upepo. Hapo nilikuona wewe. Nilikuona umekaa kwenye kile kiti mbele ya skrini, mwaka baada ya mwaka, umevimba kwa mvua zako zote, na mimi nimekubana pande nne. Kati yangu na wewe, Kabula, panahitaji nafasi. Njia ya kutoka hapa mpaka Kigoma si mwanya wa kuzibwa. Ndiyo itakayoufanya mlango ufunguke.

Na sasa, leo alasiri.

Najua unachoogopa. Unaogopa stika ya Isikizya. Yule mfanyabiashara wa asali anayefungua duka kule anataka sega lijaze kioo cha mlango, vyumba vya njano vyenye pembe sita vimesongamana kama vya nyuki wenyewe, na kati yake kijia chembamba kama uzi. Kona ngapi zile! Hakuna kazi kubwa kama ile tuliyowahi kupata, na mwenye kazi amesema tukiipatia, magari yake yote atatuletea tuyabandike stika. Ukilala siku hizi unaota pembe sita, nimekusikia. Unajiambia: nikiondoka, mama atatia viraka.

Ulipotoka kwenda kuaga, nilifunga mlango wa duka. Fundi alitaka kukaa nami, nikamfukuza. Nikakaa kwenye kiti chako. Nilichora chumba kimoja. Nikakivuta karibu mpaka kona ikajaza skrini, kama unavyofanya wewe, nikatazama kona moja moja, nukta mbili nikazifanya moja, nikaenda nyingine. Kona nikaziweka kali, na ile namba nikaiweka pale pembe inaposimama bila kutoa mwiba. Nikakijaza kioo chote. Nikabonyeza mashine ianze. Nikakaa naisikiliza inavyokata, haiinuki ovyo, inazunguka chumba kizima ndipo inapokwenda kingine. Ilikuwa inaimba, Kabula.

Kisha nikabandua. Unajua vizuri kuliko mimi: mabaki ndiyo yanayosema kweli. Stika yenyewe unaweza kuidanganya, ukainyoosha kwa kidole. Lakini ule utando unaobaki kati ya vyumba, mwembamba kama uzi, ukikuta kona moja haijaungana unakatika hapo hapo. Nikauinua kutoka juu. Ukaja. Nikavuta pumzi, ukaja. Ulishuka mikononi mwangu wote, kutoka ncha hadi ncha, sega tupu, zima, na vyumba vyote vya njano vimebaki kwenye karatasi vimenyooka kama askari wa gwaride. Nilipiga kelele. Mama wa maandazi alidhani nimeumwa na nyoka. Tukacheza, mwanangu, mimi na yeye, katikati ya duka, na Fundi alipofika akatukuta tunacheza, akaweka randa chini akacheza na yeye bila kuuliza sababu. Ndiye huyo niliyeolewa naye.

Stika imekwisha. Keshokutwa Fundi anaipeleka Isikizya. Nilikunyamazia mezani kwa sababu nilitaka uione kwa macho yako, usiamini maneno yangu. Maneno yangu yamewahi kuwa na viraka.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, ili usiweze kuvivaa kabla hujaisoma. Chini yake kuna khanga yangu ya harusi, na ndani ya khanga nimelikunja lile sega tupu, nimelilaza kwenye karatasi lisijishike. Lifungue kabla hujanywa hata chai. Lipeleke dirishani kwenye mwanga, ulitazame kona moja moja, kwa macho yako ya ukaguzi, bila kunionea huruma. Ukiiona hata kona moja iliyochanika, acha viatu hapo hapo, urudi kulala, na mimi sitasema neno.

Usipoiona, vaa viatu, mwanangu.

Babu wa babu yako alikwenda Ujiji kwa miguu, akifuata msafara, na mzigo wa mtu mwingine begani. Wewe utapita upande ule ule umekaa dirishani, mzigo ni wako na kazi ni yako. Treni ikisimama Usinge mjomba Shija atakuwa chini na karanga za kuchemsha, atapiga kelele jina lako mpaka behewa zima likujue. Mwitikie kwa sauti. Usiwe msichana wa mjini kwa mjomba wako.

Na kiti chako cha dukani nimekihamisha dirishani. Sasa ni kiti cha wateja.

Fundi amegeuka upande, kukoroma kumekoma, ananiuliza taa inazimwa lini. Amesema nikuambie Mkaguzi asikague mizigo ya abiria wenzake. Ameshaulizia na tiketi pale stesheni, za watu wawili, viti vya kukaa pamoja, maana bibi harusi wake hajawahi kuliona ziwa. Andaa maswali yako ya ukaguzi, na chai. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka Kigoma, mimi na mume wangu, na utatuonyesha mfuko wa kwanza uliouchora. Nitauvuta karibu nione.

Mama yako